Sura Niliyomtumia Sahibu

Wiki iliyopita niliwaachia mlango unagongwa. Mimi nimejinyoosha kwenye kochi, mguu wenye plasta uko juu ya kigoda, na mama mkwe anauliza hewani kama nyumba hii imegeuka stendi ya mabasi.

Msomaji mmoja ameniandikia kunipa pole. Anasema kwa yote yaliyonifika, sasa hakuna kilichobaki cha kunifika. Ahsante, ndugu yangu. Nami siku ile nilidhani hivyo hivyo.

Kwa aliyeliokota gazeti hili likiwa limefungiwa misumari, nitasema kwa kifupi. Mimi ni mchoraji. Nilikuwa nachora mabango ya maduka na sura za watu, mpaka mashine ya kuchapa mabango ya plastiki ilipofunguliwa mtaa wa pili na wateja wangu wote wakahamia huko. Kazi ya mwisho niliyopata ilikuwa ukuta wa duka la dawa. Nilianguka kutoka kwenye ngazi kabla sijalifikia neno "dawa", nikavunjika mguu.

Tangu siku hiyo mama mkwe, ambaye tunaishi naye, kila akipita karibu nami husema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." La mkuu lenyewe hajawahi kuniambia ni lipi.

Kilichonibakiza mzima ni watu wawili. Wa kwanza ni mke wangu. Wa pili ni Sahibu.

Sahibu ndiye aliyekuwa mlangoni.

Tulijifunza kuchora pamoja, kwa mwalimu mmoja, tukila sahani moja. Mwalimu yule alikuwa na somo moja kubwa: mteja hanunui sura yake, ananunua sura anayoitaka. Chunusi toa. Kipara kiote nywele. Jicho la kengeza linyooshe. Mimi nililishika somo hilo mpaka mkono ukawa unalifanya wenyewe bila kuniuliza.

Sahibu lilimshinda. Alichora alichokiona. Siku alipomchorea mke wa mwenye kiwanda cha sabuni videvu vyake vyote, mwalimu alimfukuza mbele yetu. "Mkono wako hauna huruma," alimwambia. Sahibu akaenda nchi ya mbali, akapata kazi ya kutengeneza fremu za picha za watu wengine, na penseli hakuishika tena.

Nilimlilia. Kisha nikaanza kumwandikia.

Kila wiki nilimtumia barua, na kila barua ilikuwa na mchoro. Yale niliyoyatoa kwenye sura za wateja niliyachora tena huko, kwa kumbukumbu, mteja akiwa ameshaondoka. Kovu, pengo, mkunjo, yote yalikwenda kwa Sahibu. Sikuwahi kumdanganya Sahibu hata unywele.

Na niliyemchora zaidi ya wote ni mke wangu.

Mke wangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Fundi. Mama yake anamwita Fundi. Mimi pia namwita Fundi, na jina lake hasa nimezoea kuliandika kwenye barua tu. Ana kovu la moto shavu la kushoto, linashuka mpaka taya. Alipokuwa mtoto aliangukia pasi ya mkaa ya mama yake, na mama mtu tangu hapo hapendi kuliona wala kulisikia likitajwa.

Basi sasa mnawajua wote. Turudi mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu," mama mkwe akajibu, kwa sauti ile anayowafukuzia kuku.

Sahibu akaingia na sanduku moja. Mvi zimemjaa, lakini mabega ni yale yale. Nilitaka kuruka nimkumbatie nikasahau mguu, nikabaki nusu kwenye kochi, nusu sakafuni. Akanipokea. Tulilia wazi wazi, wanaume wazima, na sioni haya kulisema.

"Brashi!" Hilo ni jina alilonipa yeye. "Brashi wangu, mbona umeisha hivi?"

"Acha tu. Nimebaki mpini."

Akamwamkia mama mkwe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakaa mpaka lini?"

Hapo Fundi akatoka kwenye kona yake ya cherehani, pini mdomoni, futi shingoni. Mgeni akija, mke wangu huwa ana namna yake ya kusimama. Hugeuka kidogo, shavu la kushoto likaelekea ukutani. Watu hujifanya hawaoni, naye hujifanya haoni wanavyojifanya.

Sahibu hakujifanya. Alimtazama usoni, moja kwa moja, kwa utulivu.

"Shemeji," akasema, "pini ya pembeni inakudondoka. Huwa ni hiyo hiyo."

Pini ikadondoka.

Fundi akaweka mkono mdomoni. "Umejuaje?"

"Na kiti chako ndicho kile, kimefungwa kamba mguu wa nyuma. Na cherehani umeielekeza ukutani, ili upande wa kushoto ukae gizani."

"Huyu ni mgeni au mpelelezi?" mama mkwe akauliza.

Mimi nikacheka kwa fahari. Mjinga mimi, nilicheka! "Mama, ni mimi niliyemchorea. Nilimchorea kila kitu kwenye barua."

Nilimwona Fundi akinitazama. Alijua naandika barua. Barua ya mwanamume kwa rafiki yake, nani aulize ina nini? Hakuwahi kufungua hata moja.

"Kila kitu?" akasema.

Sahibu akafungua sanduku. Nilitarajia shati, au viatu, zawadi za mtu aliyetoka mbali. Akatoa furushi lililofungwa kwa kitambaa. Barua zangu. Zote, zimepangwa, hata moja haijakunjika pembe.

Nikanyoosha mkono nizipokee.

Akanipita. Akaliweka furushi mapajani mwa mke wangu.

"Nimezirudisha kwa mwenyewe," akasema.

"Sahibu," nikamwambia, "mwenyewe si ni mimi?"

Fundi alikuwa ameshafungua kitambaa.

Bahati ikawa, ya kwanza kushikwa haikuwa yenye sura yake. Ilikuwa ya mama mkwe, amelala kwenye kochi hili hili, mdomo wazi, kilemba kimemfika puani. Chini yake nilikuwa nimeandika: "Mama mkwe akilinda nyumba."

Mama mkwe akaipokonya. Akaisogeza karibu na macho, akaipeleka mbali, akairudisha karibu.

"Huyu nani?"

Nikajishughulisha na plasta yangu.

"Nauliza, huyu bibi mwenye jino moja ni nani?"

"Yanaonekana mawili, mama," nikajitetea.

Nawaambia, nilitukanwa. Nilitukanwa mimi na waliokufa kwetu na watakaozaliwa. Mkwe gani anamvua nguo mama mkwe wake na kumpeleka ng'ambo kwa bahasha! Nami nilitamani aendelee, kwa sababu nyuma ya kelele zile Fundi alikuwa anasoma, na uso wake ulikuwa hausemi kitu.

Kisha akaanza kusoma kwa sauti. Polepole, kama anavyosoma vipimo vya mteja.

"'Sahibu wangu. Leo nimemwangalia akichagua vifungo dirishani. Mwanga ulimpiga shavuni. Lile kovu, nimekwambia mara nyingi, si la rangi moja. Ukingoni ni hudhurungi, katikati linang'aa kama ganda la ndani la kitunguu. Nimechanganya rangi mpaka nimechoka, sijaipata. Akicheka, shavu la kulia linaanza, la kushoto linafuata baadaye kidogo. Mimi huwa nalingoja hilo la kushoto.'"

Mama mkwe akaishusha picha yake.

"Maneno haya ni ya nani?" Fundi akaniuliza.

"Ni yangu."

"Yanamhusu nani?"

"Wewe, mke wangu. Nani mwingine?"

"Mbona mimi sijawahi kuyasikia?"

Ulimi ukagoma. Mkono nao haukuwa na penseli ya kuusaidia.

Akachukua nyingine. Ndani yake alikuwa amechorwa kitandani, nywele zimetimka, midomo imekauka, jasho shingoni. Ule mchoro ni katika kazi zangu nzuri kuliko zote, na hata leo nitasema hivyo.

"'Sahibu, usinicheke,'" akasoma. "'Mke wangu ana homa kali. Homa imelifanya kovu liwe jekundu na uso wote umekuwa wazi, hakuna anachokificha. Nimekaa mlangoni namtazama niukumbuke vizuri, nikuchoree kabla haujaniponyoka.'"

Akaiweka chini.

"Siku ile niliomba maji," akasema.

"Fundi..."

"Nilikuita. Nilikuona umesimama mlangoni unanitazama. Nikasema labda ameshtuka, maskini, anaogopa nitakufa. Kumbe ulikuwa unanikariri."

"Nilikuletea maji!"

"Yaliletwa na jirani."

Sasa nawauliza ninyi, wasomaji, kosa langu hapo ni lipi? Wanaume wenzangu wanaandikia wanawake wengine. Mimi niliandika juu ya mke wangu, kwa mwanamume, tena kwa sifa. Mwanamke gani anasifiwa hivyo? Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti kubwa, na plasta ikawa inagonga kigoda.

Alinyoosha kidole ukutani.

Ukutani kwetu kuna picha ya harusi. Niliichora kwa mkono wangu, rangi za mafuta, wiki mbili kabla ya ndoa. Wote wanaoingia husimama kuitazama. Bwana harusi ni mimi, nimejiongezea kimo kidogo. Bibi harusi ni yeye, mashavu mawili laini.

"Unakumbuka siku ulipoichora?" akaniuliza.

"Nakumbuka. Mama alisema niliondoe kovu. Mama si upo? Si wewe uliyesema?"

"Nilisema," mama mkwe akajibu. "Na nitasema tena."

"Na wewe mwenyewe ulikuwepo, hukukataa," nikamwambia Fundi.

"Sikukataa kwa sababu nilikuwa nakungoja wewe. Nilisema moyoni, akisema hapana, huyu ananiona. Ukachovya brashi ukasema, 'Hilo dogo, mama, linatoka.'" Akashusha kidole. "Nimeishi chini ya mwanamke yule miaka yote hii. Kila nikimpita nasema, huyo ndiye aliyeolewa. Nikasogeza cherehani ukutani nikakuhurumia, kwa sababu ulikuwa umepewa mwingine."

Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kusema kwamba sura ya ukutani nilichora kwa mkono wa kazi na ya barua nilichora kwa moyo. Ni kweli tupu, na kama ningeisema wakati ule pengine leo nisingekuwa nauza aibu zangu gazetini. Lakini hasira ilinitangulia, nikamgeukia Sahibu.

"Wewe umekuja kufanya nini hapa?"

Sahibu alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, mikono katikati ya magoti.

"Nilioa kule," akasema. "Nilikuandikia."

"Uliniandikia. Nikakupongeza."

"Ameondoka. Nilikuwa nimezitundika barua zako, Brashi. Kila mchoro nimeutengenezea fremu, ukuta mzima. Mke wangu alivumilia, mwishowe akasema nyumba ina mwanamke mwingine na yeye hawezi kugombana na mtu wa karatasi. Akanitaka niziteremshe." Akakuna kidevu. "Nilimbebea mizigo yake mpaka kituoni."

Mama mkwe akapiga makofi mara moja, taratibu. "Haya. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Nikamtazama mke wangu nione hasira, kwa sababu mwanamke mwenye adabu akisikia maneno yale lazima akasirike.

Hakuwa amekasirika. Alikuwa anamtazama Sahibu, na mkono wake wa kushoto, ule ambao hukaa shavuni mbele ya wageni, ulikuwa umelala mapajani.

"Fundi," nikasema. "Mimi ndiye ninayekujua. Huyu anajua nilichomwambia mimi. Kila anachokiona kwako nimekiona mimi kwanza."

Nadhani lilimgusa. Akainuka, akachukua karatasi anayokatia mitindo, akaichana kipande. Akachukua sinia la chai, akalifuta kwa upindo wa kanga, akaniwekea mapajani. Akanipa penseli yake ya kuchorea nguo.

Akavuta kiti chake cha kamba mpaka mbele ya kochi, akakaa, uso mzima kwangu.

"Nichore," akasema.

"Sasa hivi?"

"Hivi nilivyo. Kama ulivyomchorea yeye. Ukiweza, zile barua tutazichoma, mgeni atakunywa chai aende zake, na sitalitaja neno hili tena."

Mmeelewa? Nilipewa nyumba yangu yote irudi, kwa penseli moja.

Nikapiga moyo konde. Kuchora ndiyo kazi yangu! Mguu umevunjika, mkono haujavunjika. Nikaanza na macho, yakatoka. Nikashuka puani. Nikafika shavuni, na naapa mbele yenu nililiona kovu. Nililitazama ukingo wake, nikaitazama ile sehemu inayong'aa. Nikainama, nikachora. Mkono ulikwenda vizuri, laini, bila kukwama, nikasikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nianguke kwenye ngazi. Nilimaliza kwa shingo, nikatia sahihi.

Mama mkwe, ambaye hawezi kukaa na udadisi, akachungulia juu ya bega langu.

"Eh! Hapo sasa!" akashangilia. "Hapo umenitolea mwanangu! Unaona? Ukitaka unaweza!"

Nikaitazama karatasi.

Shavu la kushoto lilikuwa safi.

Nikaigeuza kwenye mwanga. Safi. Hakuna hata kivuli. Nilikuwa nimelitazama kovu lile, na mkono ukalipita, kama ulivyopita makovu ya wateja miaka yote. Kwa kumbukumbu nililiweza. Mtu akikaa mbele yangu, mkono haukubali.

"Nipe nirekebishe," nikamwambia, kwa sababu alikuwa ameshaichukua.

"Umesharekebisha."

"Fundi, ni mazoea! Nipe dakika moja tu, nitaliweka!"

"Najua utaliweka. Ungeweza kuliweka hata ukutani." Hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angepandisha. Akaikunja karatasi mara mbili akampa mama yake. "Shika, mama. Huyu ni wako."

Akaichukua penseli mkononi mwangu, kidole kwa kidole, maana sikuiachia. Akamfuata Sahibu pale kwenye sanduku.

"Chora wewe."

Sahibu akarudisha mikono nyuma. "Shemeji, mimi hii kazi niliiacha."

"Kwa nini?"

"Mwalimu alisema mkono wangu hauna huruma."

"Sijaomba huruma," akasema mke wangu.

Nikajaribu kusimama. Kigoda kikateleza, mguu ukagonga sakafu, maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Hakuna aliyekuja kuniinua.

"Sahibu," nikamwita kutoka sakafuni. "Ukiishika penseli hiyo, mimi na wewe basi. Unanisikia? Basi."

Alinitazama. Ni yule yule niliyekula naye sahani moja, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa bado ananipenda.

"Kila wiki, Brashi," akasema. "Kila wiki ulinitumia. Ulidhani nafanya nini nazo?"

Akaishika penseli.

Mke wangu akarudi kwenye kiti chake. Akakishika kwa mikono miwili, kamba ikalia, akakigeuza. Tangu nimwoe sijawahi kuona kiti kile kikitazama dirishani. Akakaa. Jua lote likamwangukia shavu la kushoto, na mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuishi naye, hakuwa na methali.

Sahibu akamtazama muda mrefu kabla ya kuweka mstari wa kwanza.

"Inua kidevu kidogo," akasema.

Hakusema shemeji, wala hakusema Fundi. Alimwita kwa jina lake, lile ambalo nilikuwa naliandika kwenye barua tu.

Naye akaitika.